Farasi Aliyekimbilia Kushoto

Kikwajuni nzima hapakuwa na mtu wa kubishana na Bi Mwatum juu ya dhahabu. Juu ya mengine walibishana naye, tena kwa sauti: chumvi ya mchuzi wake, mpaka wa ua wake, na nani alimtangulia nani kwenye foleni ya sukari. Lakini dhahabu ikitajwa, kila mtu alinyamaza akamsubiri yeye. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi, na kwa kuwa miaka ile hapakuwa na nyumba yenye dhahabu ya kumtosha biharusi mzima, vidani na bangili viliazimwa huku na huku, vikapita mikononi mwake kwenda na kurudi. Yeye akaona kwamba kwa kuvishika amevijua, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia vinginevyo.

Ujuzi wake mkubwa ulikuwa kwenye gini, ile sarafu ya dhahabu ya Kiingereza, upande mmoja kichwa cha mfalme au malkia, upande wa pili mtu juu ya farasi anapigana na joka. Wanawake waliitia kipete wakaivaa kifuani. Wajanja wa bandarini nao waliitengeneza kwa shaba, wakaipaka rangi ikang'aa, kwa hivyo kila aliyeletewa gini alitaka kujua kaletewa ipi. Bi Mwatum alikuwa na yake, aliyopewa mahari na marehemu mumewe, Machano, na hiyo ndiyo aliyoifanya kipimo cha gini zote duniani.

Kwanza, jino. Gini ya kweli ni laini, alisema, ukiiuma inakubali. Na yake ilikubali kweli, ukingo wote ulikuwa na alama za meno, maana kila alipofundisha aliiuma mbele ya watu. Pili, farasi. Farasi wa gini ya kweli anakimbilia kushoto, na hili hakumfunulia kila mtu. Tatu, jicho. Gini ya kweli ina haya, ikitupiwa jicho la husuda hubadilika rangi.

"Yangu miye," alikuwa akisema, "mwaka wa kwanza wa ndoa iligeuka kijani! Kijani kama jani la mgomba! Machano akaipeleka kwa sonara ikaoshwe, ikakaa huko mpaka nkaisahau sura yake, maana husuda yenyewe ilikuwa nzito. Iliporudi, haijageuka tena mpaka leo."

Wanawake wakitikisa vichwa kwa hofu, kila mmoja akijiuliza huyo hasidi alikuwa nani, na kwa nini Bi Mwatum anamtazama yeye.

Huyo Machano mwenyewe alikuwa mwendesha gari la ng'ombe, akibeba magunia ya karafuu kutoka maghalani kwenda bandarini. Mtaani hawakumwita Machano, walimwita Kavu. Wenzake walipokaa barazani alasiri kunywa kahawa, yeye alikaa nao, akacheka nao, lakini kikombe hakushika, kwa sababu kikombe kinalipiwa. Kanzu yake ya Idi ilikuwa ile ile ya Idi iliyopita na ya ile iliyopita. Baiskeli yake aliiuza, na pesa yake hakuna aliyeiona. Bi Mwatum naye hakumwonea haya. "Mume wangu alinipa gini moja," alikuwa akiwachekesha wenzake, "akachoka maisha yake yote. Ng'ombe wake kamvika kitu cha kung'aa kwenye paji la uso, miye hata hereni." Machano alikuwa akicheka kuliko wote. Alikufa na jina lake la Kavu, na Bi Mwatum alimlilia sana, kwa sababu alimpenda, lakini hata katika kilio hakulikanusha jina.

Hawakujaaliwa mtoto. Walimlea Khamisa, binti wa kaka yake Bi Mwatum, na mwaka ule majumba ya Michenzani yalipoanza kupanda ghorofa, Khamisa akaposwa na seremala mmoja wa kwenye majumba hayo, Simai, kijana wa Tumbatu. Kijana alikuwa na adabu na alikuwa na kazi, na Khamisa alimpenda mpaka akawa anatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Bi Mwatum aliridhika. Alidai mahari ya gini moja, kama aliyopewa yeye, na wakakubali.

Siku ya kuletwa mahari, nyumba ilijaa wanawake mpaka ukumbini. Bi Mize, mama yake Simai, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alivuka kutoka Tumbatu na jamaa zake, akaja kwa lori kutoka Mkokotoni, sinia zikiwa zimefunikwa vitambaa vya kudarizi. Baada ya vigelegele akafungua fundo la leso yake, akatoa gini, akamkabidhi Bi Mwatum kwa mikono miwili.

"Kaivaa bibi yangu," alisema, "kaivaa mama yangu. Sasa naivae Khamisa."

Palikuwa na njia ya kupokea kitu kama hicho. Ungesema alhamdulillah, ukakifunga, ukala sambusa yako. Lakini wanawake wote wa Kikwajuni walikuwa wamemkodolea macho Bi Mwatum, na Bi Mwatum akikodolewa macho hakuweza kujizuia. Akaipeleka gini mdomoni.

Jino halikuingia. Akauma tena, upande wa pili, ambako meno yalikuwa na nguvu zaidi kidogo. Halikuingia. Akaisogeza dirishani, akaigeuza, na hapo akamwona farasi. Alikuwa anakimbilia kulia, bila hata wasiwasi.

"Bi Mize," alisema, "hii mmeuziwa."

"Tumeuziwa nini?"

"Shaba. Jino haliingii. Na farasi wenu kapotea njia."

 Jamaa za Bi Mize walianza kuvuta mabuibui yao. Nyuma ya pazia la chumbani Khamisa alitoa sauti ndogo, na Bi Mwatum akaisikia, ikamchoma. Alitamani angeyameza maneno yake, lakini yalikuwa yameshafika mpaka barazani, ambako wanaume walikuwa wameacha kunywa kahawa ili wasikie vizuri.

Bi Mize hakupaza sauti. "Mwanangu hawezi kuoa kwa shaba," alisema, "na mama yangu hakuzikwa akiwa mwongo. Kesho tunakwenda kwa sonara, miye na wewe. Ikiwa shaba, tunachukua sinia zetu tunarudi kwetu, hapana harusi. Ikiwa dhahabu, hayo uliyoyasema hapa utayafuta hapa hapa, kwa sauti hiyo hiyo."

"Kwa sauti hii hii," alisema Bi Mwatum, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuambiwa ana sauti ndogo.

Jioni hiyo Khamisa hakula. Alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha shangazi yake.

"Shangazi, kama ni shaba, si nkubali tu? Nani ataniuma miye kifuani?"

"Mahari ni haki yako, mwanangu. Mwanamume akikupa mahari ya uongo, kakuoa kwa uongo. Machano wangu alikuwa bahili, lakini mahari yangu alinipa ya kweli. Hilo sitamsahau."

Khamisa alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na kama wewe umekosea?"

Bi Mwatum alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama jua litatoka kesho.

Asubuhi walivuka Darajani wakaingia mjini, wanawake wawili waliovaa buibui, mmoja mbele na mmoja nyuma, wasiosemeshana. Masonara wengi walikuwa wameshafunga maduka na kuondoka miaka ile. Katika uchochoro wa Mkunazini alibaki Mzee Kanji, aliyezaliwa juu ya duka lake na aliyekuwa akisema hana mahali pengine pa kuisahau miwani yake. Wakasalimiana. Bi Mize akaweka gini juu ya kitambaa cheusi.

Mzee Kanji hakuiuma. Aliiweka kwenye mizani, upande wa pili akaweka jiwe dogo la shaba, na mikono ya mizani ikasimama sawa. Akachukua jiwe lake jeusi la kupimia, akasugua ukingo wa gini ukaacha mstari mwembamba wa manjano, akadondoshea tindikali tone moja. Wote watatu waliinama. Mstari ukabaki pale pale, haukufifia.

"Gini," alisema Mzee Kanji. "Ya malkia wa zamani. Nzuri sana."

Bi Mize alivuta pumzi taratibu na kwa raha. 

"Mzee Kanji," alisema Bi Mwatum, "hiyo haiumiki."

"Kwa nini iumike? Gini imetiwa shaba kidogo ndani yake, makusudi, isilike upesi mikononi. Ukiiuma utavunja jino."

"Na farasi?"

"Farasi ana nini?"

"Anakwenda kulia!"

"Tangu nizaliwe anakwenda kulia, Bi Mwatum. Aende wapi?"

Hapo ndipo Bi Mwatum alipofanya jambo ambalo mtu mwenye shaka asingelifanya. Alitia mkono chini ya buibui, akavua mkufu wake, akaiweka gini yake mezani kwa kishindo. "Hii hapa! Ipime! Nyie wawili mwone gini inavyokuwa."

Mzee Kanji akaiweka kwenye mizani. Upande wa gini ukashuka. Aliitoa kwenye mkufu na kipete chake, akaiweka tena, ikashuka bado. Akaisugua kwenye jiwe, akadondosha tindikali, akautazama ule mstari kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza, akamwona farasi, akavua miwani, akaanza kucheka. Alicheka kimya kimya, mabega yakimtikisika, mpaka machozi yakamtoka.

"Unacheka nini?" aliuliza Bi Mwatum, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kweli.

"Mumeo alikuwa Machano? Wa gari la ng'ombe?"

"Ndiye."

"Kaa kitako, Bi Mwatum. Na wewe mama, kaa." Akawasogezea viti. "Hii si gini. Hakuna mfalme aliyeitoa hii. Nimeitengeneza miye, hapa nilipokaa."

 "Shaba?" aliuliza Bi Mwatum.

"Shaba ilikuwa ile ya kwanza." Mzee Kanji alifuta miwani yake. "Alikuja hapa hana rangi usoni. Alinunua gini kwa baharia mmoja, kwa akiba yake yote, akakuolea. Kabla ya mwaka kwisha ikageuka kijani. Nilipoisugua tu, nikamwambia, Machano, umepigwa. Akakaa kiti hicho hicho. Akasema, nimemwoa mke wangu kwa uongo na sikujua. Nikamwambia, mwambie, atakusamehe. Akasema, atanisamehe, lakini atabaki hana mahari."

Nje alipita muuza maji ya madafu, akapiga kelele, akaenda zake. Bi Mize alikuwa ameinamisha kichwa.

"Basi akawa ananiletea dhahabu, vipande vipande. Leo hereni iliyovunjika kanunua mnadani, kesho pete nyembamba kama uzi. Ilichukua muda. Ilipotosha nikamwambia nitatia shaba kidogo, kama gini zote. Akakataa! Akasema, shaba nshampa mara moja, yatosha. Usitie hata chembe. Kwa hivyo hii ni dhahabu tupu, ndiyo maana nzito, ndiyo maana meno yako yameingia. Mbona umeitafuna hivi?"

Bi Mwatum alipitisha kidole kwenye alama za meno yake.

"Nilikuwa kijana, baba yangu kasafiri, na muhuri wa kupigia sarafu, unaochongwa kinyume, sikuwahi kuchonga. Herufi nilikumbuka kuzigeuza, maana kwa herufi mwalimu alinichapa sana. Farasi hakuna aliyenichapa kwa ajili yake. Nilipopiga, akatoka anakwenda kushoto. Machano alimwona. Akasema, si kitu, mke wangu hatazami farasi."

"Na ya shaba?" Bi Mwatum aliuliza, ingawa tayari alikuwa akiliona jibu, likimeremeta pajini pa ng'ombe.

"Aliondoka nayo. Alisema kuna mtu wa kumvika."

Bi Mwatum alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia, akaufunika uso kwa ukaya wa buibui. Miaka yote ile alimwonea wivu ng'ombe. Na ile kahawa! Alimwona kwa macho yake amekaa mikono mitupu katikati ya wenye vikombe, akamwita Kavu pamoja na wao.

"Kwa nini hukunambia, Mzee Kanji? Kafa zamani."

"Aliniapisha nisiseme yeye akiwa hai. Akifa, alisema, mke wangu akileta hiyo gini kuipima, mwambie." Mzee Kanji akavaa miwani yake. "Nikangoja. Ikawa huji. Nikasikia wewe mwenyewe ndiye unayepima."

Kurudi, walitembea sambamba. Walipofika Darajani Bi Mize alimshika mkono wakavuka pamoja, na akawa hakuuachia.

"Sikiliza, Bi Mwatum," alisema. "Yale maneno ya jana, miye yameshanitoka. Tukifika sema sonara kasema zote mbili nzuri. Basi. Nani atakwenda kutazama farasi?"

Ulikuwa wema mkubwa, na Bi Mwatum aliupima kama alivyopima kila kitu. Lakini Kikwajuni watatazama farasi. Yeye ndiye aliyewafundisha. Gini mbili, farasi wawili, mmoja huku na mmoja kule, na watu watasema ya Simai ndiyo mbovu, imepitishwa ili harusi isivunjike, kwa sababu ya Bi Mwatum haiwezi kuwa mbovu. Khamisa angekwenda kwa mumewe na hilo neno nyuma yake. Na Kavu angebaki Kavu.

Wanawake walikuwa wameshakusanyika tena, bila kualikwa na mtu. Barazani muuza kahawa alikuwa amefika na dele lake kabla ya wakati wake wa kawaida. Kwenye pembe alikaa Mzee Borafya, aliyekuwa rafiki wa Machano na ndiye aliyebuni lile jina la Kavu.

"Eh, Bi Mwatum!" alisema Borafya. "Farasi kaelekea wapi?"

Bi Mwatum alisimama mbele ya mlango wake. Alimwona Khamisa dirishani, ameshika nondo kwa mikono miwili.

"Gini ya Simai ni ya kweli," alisema, kwa sauti ile ile ya jana, mpaka nyumba ya tatu wakasikia. "Ya bibi yake, ya kweli, safi. Jana nilikosea, na Bi Mize namtaka radhi mbele yenu. Isiyo gini ni yangu."

Ikawa kama mtu kaangusha sinia. Mwanamke mmoja aliyeambiwa mwaka juzi kwamba gini yake ni ya bandia alipiga kofi akasema, "Weee!" Mwingine akaishika shingo yake, akageuka mbio kwenda nyumbani kuangalia sandukuni.

"Kumbe Kavu kakupa bandia!" alisema Borafya, akicheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Yule bahili!"

"Nyamaza, Borafya!" Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo kwa mzee. "Aliuziwa shaba, hakujua. Alipojua, alininunulia ya pili. Kaipata kwa hicho kikombe ulichoshika wewe. Kila siku mkinywa nyie, yeye hanywi, ili niwe na haki yangu. Kalipa mahari mara mbili, na mara ya pili kalipa zaidi ya nilichodai. Nyie mlimwita Kavu. Na miye, mkewe, nilimwita Kavu."

Kicheko kilikatika. Borafya alikitazama kikombe chake, akakiweka chini polepole. Mzee yule, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alisema tu, "Mwenyezi Mungu amrehemu Machano," na hakuongeza jina jingine.

Bi Mwatum akafungua pindo la kanga, akamlipa muuza kahawa kwa baraza zima. "Wape wote," alisema. "Kutoka kwa Machano." Kisha akaingia ndani kabla hawajamwona uso.

Khamisa alimrukia shingoni.  Halafu binti, akiwa bado ana machozi na tayari ana kicheko, akachukua gini zote mbili akaziweka kwenye kiganja, moja kando ya moja, farasi wawili wakitazamana.

"Siku ya harusi nivae zote mbili, Shangazi?"

"Vaa ya mumeo." Bi Mwatum alichukua yake, yenye meno yake mwenyewe ukingoni, akaivaa juu ya kanga mahali pa kuonekana na kila mtu. "Na usiiume. Utavunja jino."

"Na hiyo yako? Kama si gini, watu wakiuliza tuseme ni nini?"

"Waambie ni mahari yangu," alisema Bi Mwatum.